Jabia, Mabati na Tangi la Shule

Ukizunguka shule za msingi za sehemu kavu za Kenya na Tanzania, hukawii kuona tangi la maji ya mvua kando ya darasa, gata likining'inia, koki imeng'oka na ndani hamna kitu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kiufundi: tangi lilijengwa vibaya, au namna ile ya kujenga ni ghali, basi itafutwe nyingine iliyo rahisi zaidi. Kwa karibu nusu karne wahandisi, wafadhili na serikali wamekuwa wakilitafuta tangi hilo rahisi, na wameshalipata zaidi ya mara moja. Historia ya kukinga mvua katika eneo letu, hata hivyo, inaelekeza kwingine. Unafuu wa tangi haukuwahi kuamuliwa na bei ya siku ya kujenga pekee. Uliamuliwa zaidi na maswali ambayo hayamo katika michoro ya mhandisi: nani atafagia paa kabla ya mvua, ufunguo wa koki unakaa kwa nani, na shilingi za kuziba ufa wa mwaka wa tano zitatoka mfuko gani. Palipokuwa na majibu, watu walikunywa maji ya mvua kwa vifaa vya chokaa na mawe. Yalipokosekana, hata zege la nguvu halikufaa kitu.

Visiwa vya Lamu vinaonyesha jambo hili mapema sana. Vimekaa juu ya matumbawe na mchanga, na maji baridi yaliyo chini ya ardhi ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya bahari. Ukiyachota kupita kiasi, chumvi hupanda. Mji wa Lamu ulibahatika kuwa karibu na vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huchuja mvua na kuihifadhi, na visima vyake vikawanywesha wenyeji kwa karne nyingi. Watu wa Ndau, wa Kiwayuu na wa sehemu za kisiwa cha Pate hawakuwa na bahati hiyo, wakajenga majabia. Jabia ni hodhi lililochimbwa ardhini na kujengewa kuta za mawe na chokaa, likaunganishwa na uwanja uliosakafiwa, wenye mteremko kidogo na ukingo mfupi pembeni, ili mvua yote inayoanguka hapo iishie hodhini. Nyumba ziliezekwa kwa makuti, na maji yapitayo kwenye makuti hushuka na rangi na takataka. Kwa hiyo wajenzi waliigeuza ardhi yenyewe kuwa paa. Chokaa ilichomwa hapohapo kutokana na matumbawe, na mafundi walikuwa wenyeji. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, nao walihitaji birika la mvua lililochongwa mwambani, na kisima kirefu kilichochimbwa ndani ya ngome hiyo kilitoa maji ya chumvi. Huko Ngazidja, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, ambako mawe ya volkano hunyonya mvua na hakuna mto wa kudumu, birika la kukinga mvua lilikuwa sharti la kuishi.

Umbo la jabia linavutia, lakini la kuzingatia zaidi ni udhaifu wake. Sakafu ya chokaa iliyo wazi kwa jua hupasuka. Majani, mchanga na kinyesi cha mbuzi hujikusanya juu yake wakati wote wa kiangazi, na jabia lisilofagiwa kabla ya masika hujaa matope msimu huohuo. Kila jabia lililodumu, basi, ni ushahidi wa kazi iliyorudiwa mwaka baada ya mwaka na watu waliojua kwamba ni zamu yao. Kwa majengo ya wote, pwani ilikuwa na utaratibu uliokubalika wa kuhakikisha kazi hiyo haikatiki, nao ni wakfu. Aliyejenga msikiti mara nyingi alitenga pia minazi, shamba au nyumba ya kupangisha, mapato yake yalipie ukarabati, mafuta ya taa na birika la kutawadhia. Mali hiyo haikuuzwa wala kurithiwa, na msimamizi wake alijulikana kwa jina. Mizizi ya utaratibu huu ilikuwa imekwenda chini kiasi kwamba Waingereza walipotawala Zanzibar na pwani ya Kenya, waliona lazima waweke sheria na tume maalumu za kusimamia mali za wakfu. Si kila jabia lilikuwa na wakfu, mengine yalikuwa ya mtaa tu. Lakini fikra ilikuwa moja: anayetoa jengo bila kutoa riziki ya kulitunza ametoa nusu.

Paa la kisasa lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Bati lenye mikunjo lilisajiliwa London mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari, kwa ajili ya mabanda ya gati. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifungua njia ya kulifikisha bara kwa wingi. Vituo vya reli, maduka, makanisa na shule za misheni vikaezekwa kwalo. Kwa maji ya mvua, badiliko hili lilikuwa kubwa kuliko tangi lolote lililobuniwa baadaye, kwa sababu bati halinywi maji wala haliyatii rangi. Hata hivyo bati liliendelea kuwa ghali kwa mkulima, na jinsi lilivyofika vijijini inastahili kuelezwa taratibu. Katika nyanda za kati za Kenya, kuanzia miaka ya 1960, wanawake walijiunga katika vikundi vilivyokuja kuitwa vikundi vya mabati. Walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakachangishana, na fedha zikanunua mabati ya kuezeka nyumba ya mwenzao mmoja, kisha ya mwingine, hadi zamu ikamfikia kila mmoja. Walitaka paa lisilovuja, ni kweli, lakini walitaka pia kukinga maji na kupunguza safari za mtoni na mtungi mgongoni. Baada ya mabati, vikundi vingi viliendelea na matangi. Hawakuwa na wakfu wala mhandisi. Walikuwa na daftari la michango, zamu inayojulikana na aibu ya kuwaangusha wenzao.

Shule za umma zilipata mabati bila kupata daftari. Baada ya uhuru, Kenya ilijenga shule nyingi kwa harambee, na Tanzania, kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, ilijiwekea lengo la kumwingiza kila mtoto wa rika la shule darasani ifikapo 1977. Wakati huohuo mamilioni ya Watanzania walikuwa wakihamishiwa vijijini, baadhi mahali pasipokuwa na chemchemi wala mto. Serikali ilijua tatizo la maji. Tangu 1971 ilikuwa na mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Lengo lilikuwa la heshima, nami naliheshimu mpaka leo. Lakini lilitegemea pampu, dizeli na mabomba, na msukosuko wa uchumi ulipokuja mwishoni mwa miaka ya 1970 mafuta na vipuri vikakosekana. Mwaka 1991 ulifika lengo likiwa mbali. Miaka yote hiyo mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mapaa ya madarasa na kujimwagia chini ya misingi, ikichimba mitaro.

Hapo ndipo ulipoanza msako wa tangi la bei nafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kitengo cha teknolojia ya vijijini kilichoendeshwa na UNICEF pamoja na serikali ya Kenya huko Karen, Nairobi, kilieneza tangi lililotokana na ghala la nafaka la kienyeji. Fito zilisukwa kikapu kikubwa, kikapu kikasimamishwa juu ya msingi wa zege, kisha kikapigwa lipu ya simenti ndani na nje. Wazo lilikuwa na uzuri wake. Ustadi wa kusuka ulikuwepo tayari kijijini, nondo hazikuhitajika, na fedha pekee zilizotoka nje ya kijiji zilikuwa za simenti, koki na vitu vichache vidogo. Lakini fito ni mti. Unyevu uliopenya kwenye lipu ukaziozesha, mchwa wakazifuata, na tangi lililosimama vizuri mwaka wa kwanza likapasuka miaka michache baadaye likiwa limejaa. Huko Thailand jambo hilohilo lilitokea kwa matangi makubwa yaliyotiwa mianzi badala ya nondo. Maelfu yalijengwa kabla ya kugundulika kwamba mianzi ndani ya zege inaoza. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wa pande zote mbili walikuwa wakiwaonya watu waachane na njia hiyo.

Msomaji makini atasema kwamba mfano huu unaipinga hoja yangu: kikapu kilishindwa kwa kasoro ya ufundi, si kwa kukosa mtunzaji. Nakubali kwamba ufundi una kiwango ambacho chini yake hakuna utunzaji unaosaidia. Lakini tujiulize kwa nini tangi lile lilienezwa vijiji vingi kabla halijakaa muda wa kutosha kupimwa. Ni kwa sababu lilipimwa kwa bei ya siku ya kukabidhiwa. Kilichoondolewa ili kulirahisisha ni kile hasa ambacho kingelifanya lidumu. Na lilipopasuka, hapakuwa na mfuko wa kulijenga upya wala mtu aliyewajibika kuuliza. Kosa la fito na kosa la gata linaloning'inia leo yana mama mmoja, nao ni hesabu inayoishia siku ya sherehe.

Linganisha na kilichofuata Thailand. Kuanzia mwaka 1985 nchi hiyo iliendesha kampeni ya mitungi ya simenti, mingi ikiwa ya lita 1,000 hadi 2,000, isiyo na mianzi wala nondo. Umbo la duara lililotuna lilitosha kubeba uzito wa maji. Mamilioni ya mitungi ilitengenezwa katika miaka michache, hasa kaskazini mashariki mwa nchi. Mafundi walifundishwa kijijini, mifuko ya mikopo ikazungushwa kati ya kaya, na baadaye watengenezaji binafsi wakaifanya biashara. Simenti ya bei nzuri na kipato kilichokuwa kikipanda vilisaidia sana, lakini usisahau kwamba kila mtungi ulikuwa na mwenyewe aliyelala hatua chache kutoka hapo. Ukianza kuvuja usiku, asubuhi anajua. Tangi la shule halina bahati hiyo. Wanafunzi huhitimu, mwalimu mkuu huhamishwa, kamati hubadilishwa, na likizo huliacha eneo lote bila mtu wakati ambapo mvua huenda ndiyo inaanza.

Kenya nayo ilipata jibu zuri la kiufundi. Erik Nissen-Petersen, Mdenmark aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kitui, aliboresha matangi ya lipu iliyopigwa juu ya waya, na lile la lita 46,000 likajengwa katika shule nyingi. Kitabu alichoandika na John Gould, kilichotoka mwaka 1999, kinabaki kati ya vitabu bora kuhusu fani hii. Napenda hasa jinsi mafundi wa njia hii walivyolishughulikia gata, ambalo ndilo hushindwa mwanzo. Walipigilia ukanda wa bati kwenye ncha ya paa, ukainama juu ya gata, ili maji ya mvua kubwa yasiruke na kupotea. Kwa hiyo gata liliweza kupewa mteremko mkali wa kujisukumia majani na vumbi. Ni kipande kidogo cha bati, na kinaokoa maji mengi kuliko kuongeza ukubwa wa tangi. Hata hivyo nacho kinahitaji mtu wa kupanda ngazi na kurudisha waya wa kushikia gata uliokatika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mvua haitoshi kwa shule kubwa. Tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Jengo la madarasa lenye paa la mita za mraba 200, mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, likipoteza sehemu moja ya tano kwa mruko na uvukizi, litakinga lita 96,000. Shule yenye wanafunzi 400 itakuwa na lita 240 kwa kila mtoto, na zikigawanywa kwa siku kama 190 za masomo inakuwa lita moja na robo kwa siku. Hayo hayaoshi vyoo wala hayamwagilii bustani. Yanatosha kunywa. Na kunywa ndiko kunakomzuia mtoto asisinzie darasani saa nane za mchana, au asitumwe na dumu kwenye dimbwi la ng'ombe. Mahali penye mvua za masika na vuli, kama Machakos na Kitui, paa hilo litajaza tangi la lita 46,000 karibu mara mbili kwa mwaka. Dodoma na Singida, zenye msimu mmoja na kiangazi kirefu, zinahitaji hodhi kubwa zaidi kwa idadi ileile ya watoto, na hapo gharama hupanda kweli. Anayesema vinginevyo anawadanganya wazazi. Aidha, mapaa ya shule moja kwa kawaida ni zaidi ya moja, na mengi hayana gata hata moja.

Wengine husema kisima kirefu ni bora kuliko mvua. Penye maji matamu na umeme wa uhakika, huenda ni kweli. Lakini kandokando ya Mlima Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji ya ardhini yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto hubadilika rangi kuwa kahawia, na penye floraidi nyingi zaidi mifupa nayo huharibika. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Huko, tangi la kunywea shuleni ni kinga ya afya ambayo mashine ya kuchimba visima haiwezi kuileta. Ama tangi la plastiki la kiwandani, ambalo leo limejaa madukani, limeondoa tatizo la fundi mbovu, na pasipo mwashi aliyefuzu ningelipendelea. Lakini linatoka dukani bila gata na bila msimamizi, na likipasuka, fundi wa kijiji hawezi kuliziba kwa simenti aliyonayo.

Turudi basi kwenye fedha. Kenya ilipofuta karo za shule za msingi mwaka 2003, ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na 370 za mengine yote, yaani mishahara ya wafanyakazi wasio walimu, ukarabati, umeme na maji. Tanzania, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ilifuta ada na michango ya lazima. Ruzuku ya uendeshaji ikawa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, sehemu yake ikitengwa kwa vitabu. Kufuta michango kuliwarudisha darasani watoto wengi wa maskini, na sitaki kulibeza hilo. Lakini kulifunga pia mlango ambao kamati za shule zilikuwa zikiutumia kukarabati vitu vidogo. Fungu la tangi likabaki ndani ya fungu la chaki, mitihani na kufuli za milango, na katika ushindani huo gata halishindi kamwe.

Najua itasemwa kwamba wakfu hauwezi kuletwa katika shule ya serikali: ulitegemea imani, na pwani ile ya zamani ilijengwa kwa kiasi kikubwa na mikono ya watumwa. Hili la watumwa ni kweli na lisifichwe. Hakuna sababu ya kuitamani jamii ile. Ninachokitetea ni kipande kimoja cha utaratibu wake, yaani mali iliyotengwa na msimamizi anayetajwa, na wanawake wa vikundi vya mabati walionyesha kwamba kipande hicho kinasimama bila imani moja na bila mtumwa. Tanzania yenyewe iliwahi kukikaribia. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliipa shule shamba. Mara nyingi shamba hilo likageuka kazi ngumu kwa wanafunzi na mapato yasiyojulikana yalikoenda, na kwa sababu hiyo wazazi wengi walilichukia. Ekari moja inayokodishwa kwa mkulima kwa mkataba ulio wazi, kodi yake ikaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa maji wa shule, haihitaji jembe la mtoto yeyote.

Kwa hiyo nawaomba wanaotoa fedha, wawe halmashauri, makanisa, misikiti au wahisani wa ng'ambo: aliye na fedha za matangi kumi ajenge saba. Fedha za matatu yaliyobaki zigawanywe katika mifuko ya shule hizo saba, kila mfuko uwe na watia saini kutoka kamati ya wazazi, na jina la mtunza ufunguo liandikwe ukutani pa tangi pamoja na mwezi wa kusafisha gata. Kamati ya shule ambayo haijakubaliana kuhusu mfuko na mtunzaji isipewe tangi bado.